Kimya Kilichoandikwa na Traude

Saa mbili asubuhi, Edeltraud Pospischil anafungua dirisha la jikoni kabla hata ya kuvaa soksi. Harufu ya biskuti za chokoleti inaingia kutoka kiwandani, mtaa wa pili, kama inavyoingia kila upepo unapovuma kutoka upande huo. Anaisubiri itulie chumbani. Halafu anafuta meza, anatandaza karatasi, anachovya kalamu kwenye wino na kuanza kuchora vichwa vidogo vyeusi vya nota za muziki juu ya mistari mitano.

Hana haraka. Ukurasa mmoja humchukua dakika arobaini, na akiumaliza huupuliza kama anayepoza uji wa mtoto. Kisha huuimba kwa sauti ya chini kabisa, macho ameyafumba, kidole kinagonga meza. Mgeni anaweza kudhani mama wa watu amesinzia.

"Silali," anasema bila kufumbua macho. "Niko Nussdorf, kwenye bustani ya mvinyo, mwaka themanini na mbili, mvua imekatika sasa hivi. Ngoja nimalize ubeti, nakuja."

Traude, kama wanavyomwita wote wanaomjua, ana umri wa miaka sitini na minane. Kazi yake ni kunakili nota kwa mkono. Alipoanza, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, anakumbuka wenzake kumi katika Vienna nzima walioishi kwa kalamu hiyo hiyo. Leo yuko peke yake. Kompyuta zimewapumzisha wengine, na waliobaki wakapumzishwa na uzee.

Wanamuziki wa bustani za mvinyo, ambako watu wa mji hunywa nje huku wakipigiwa muziki, bado wanamng'ang'ania. Nota zake ni kubwa, zinasomeka chini ya taa hafifu zinazotundikwa kwenye mizabibu, na wino wake hauchuruziki hata mvinyo ukimwagikia ukurasa. Na kule bustanini mvinyo humwagika sana.

Karibu maisha yake yote ameyamalizia kwenye kazi za mtu mmoja. Ignaz Haslbrunner alikufa miaka mitano kabla Traude hajazaliwa, akaacha nyimbo elfu moja na arobaini na muziki wa michezo ya jukwaani arobaini na sita. Aliandika popote mkono ulipofikia: nyuma ya risiti za duka la mikate, kwenye mifuko ya unga, na mara moja, wanasema, kwenye kola ya shati lake mwenyewe. Nyimbo aliwapa wapiga fidla mkono kwa mkono, na nyingi hazijachapishwa mpaka leo. Traude amezinakili mia tisa na kumi na mbili.

"Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba nimeolewa na wanaume wawili," anasema. "Eti yule wa kaburini ndiye anayepewa muda mwingi."

Kati ya nyimbo zote hizo, mmoja ndio uliomkosesha usingizi tangu Februari. Unaitwa Acha Dirisha Wazi. Mtu anaondoka asubuhi, na mlangoni anamwomba mpenzi wake asifunge dirisha. "Huenda nikarudi," anaimba, na hapo vyombo vyote vinanyamaza: fidla mbili, kodiani na gitaa. Ni pumzi moja ndefu. Wahudumu wanasimama na sinia zao mikononi. Watu wanainua glasi bila kuzigonganisha, na kila mmoja anamkumbuka wake. Kisha wimbo unaendelea: "Nikikawia, vuta pazia."

Siku hizi hakuna bustani ya mvinyo Vienna inayoimba wimbo huo bila kusimama hapo. Unaimbwa hata makaburini, na makaburini kimya kinarefuka zaidi, kwa sababu watu wa mji huu wanapenda mazishi yao yawe mazuri na hawapendi kuyaharakisha.

Kimya hicho hakikuandikwa na Haslbrunner. Kiliandikwa na Traude, kwenye meza hii hii, na kwa miaka thelathini hakumwambia mtu, hata mumewe.

Mumewe, Leopold, aliyejulikana kwa jina la Poldi, alikuwa fidla ya kwanza katika bustani moja ya Neustift, pembezoni mwa Vienna. Mwaka 1994 vidole vya mkono wake wa kulia vilianza kukakamaa. Upinde aliweza kuushika, ila kugeuza ukurasa kulimshinda. Mara mbili karatasi zilimponyoka mbele ya wageni, na mara zote mbili kuna waliocheka. Kugeuziwa na mtu mwingine hakutaka kusikia. Poldi alikuwa na kiburi cha wapiga fidla, ambacho Traude anakieleza kuwa ni kama cha makasisi, ila chenye kiu zaidi.

Mnakili mzuri ana kanuni moja isiyovunjwa: ukurasa uishie mahali ambapo mikono ya mpigaji haina kazi. Huo ndio ufundi wenyewe, kupanga mistari mpaka pumziko liangukie mwishoni mwa karatasi. Lakini wimbo huu hauna pumziko hata moja. Haslbrunner aliuandika ukatiririka kutoka mwanzo hadi mwisho, na kwa nota kubwa za Traude haukuweza kuenea kwenye kurasa mbili.

Alihangaika nao siku nne. Ya tano, Poldi akiwa amelala sebuleni na kitambaa cha moto mkononi, Traude alichora kiupinde kidogo chenye nukta katikati, ile alama inayowaambia wapigaji wasimame. Aliichora juu ya neno "nikarudi" kwenye karatasi za wapigaji wote wanne. Poldi angegeuza ukurasa wake taratibu, na wageni wangedhani ndivyo wimbo ulivyo.

"Nilijiambia ni kwa kiangazi kile tu," anasema, akiikung'uta kalamu. "Mkono ungepona, ningekifuta. Mkono haukupona."

Majira ya baridi yaliyofuata, unyevu wa ghala la chini la bustani uliila karatasi chakavu ya Haslbrunner mwenyewe, ile aliyonakilia Traude. Wenye bustani nyingine walipiga chapa nakala ya Traude wakaisambaza. Miaka kumi haikuisha, na mji mzima ukawa unasimama pale aliposimamishwa Poldi.

Poldi alifariki mwaka 2009. Traude anaeleza jambo hili huku akitazama dirishani, na sauti yake haibadiliki. "Kaburi lake liko hapa kwetu Ottakring, nakwenda kila mwezi, napalilia. Lakini simkuti kule. Namkuta pale, kati ya nikarudi na nikikawia. Nikifumba macho namwona ananyoosha mkono kwenye karatasi."

Basi Februari iliyopita akaja Daktari Konstanze Wessely. Ni msomi wa muziki, mwanamke wa miaka thelathini na minane, mpole, anayetembea kama anayeogopa kuwaamsha majirani. Chama kimoja cha wapenzi wa Haslbrunner kimempa kazi ya kuandaa kitabu cha nyimbo za bustani, na yeye akataka kitabu chote kiwe katika mwandiko wa Traude. Alileta keki ya tufaha na utangulizi wa kurasa nane aliouandika mwenyewe. Kurasa tatu na nusu zilihusu kile kimya. Daktari alikuwa ameandika kwamba ni hapo ndipo Haslbrunner alipoonyesha ukubwa wake wote.

Traude alipaliwa na kahawa. Daktari alimpiga mgongoni, akamwuliza kama keki ilikuwa kavu.

Kwa miezi miwili Traude alinakili nyimbo nyingine zote na kuuacha ule wa mwisho. Miaka arobaini na tisa hajawahi kumwongezea Haslbrunner hata nukta, isipokuwa ile. Akinyamaza, marehemu atasifiwa mpaka mwisho wa dunia kwa jambo asilolifanya. Akisema, kiupinde kitafutwa kitabuni, kitabu kitafika kila bustani, na Poldi atafutwa pamoja nacho. Hilo ndilo lililomuuma. Hakuwa na kitu kingine cha Poldi ambacho bado kilikuwa kinapumua.

Akaanza kumwota Haslbrunner. Alikuwa anakuja jikoni asubuhi, amevaa shati lisilo na kola, anaketi kwenye stuli ya Poldi na kuomba kahawa. Hakugomba. Alikuwa akihesabu mapigo kwa vidole, moja, mbili, tatu, na alipofika mahali fulani vidole vilimkwama akamtazama Traude kama mtu aliyesahau njia ya kwao. Traude aliamka kila mara na harufu ya biskuti puani.

Alasiri moja ya Aprili, tawi la msonobari likiwa limetundikwa mlangoni kuonyesha kuna mvinyo, alimkuta Daktari Wessely katika bustani ile ile ya Neustift. Mezani alikuwapo pia Gustl Prohaska, mpiga kodiani wa miaka sabini na minne aliyepiga na Poldi tangu ujana wao. Waliagiza mkate mweusi wenye mafuta na vitunguu. Traude hakuugusa wake.

"Daktari," alisema, "kile kimya ni changu."

"Chako kivipi, Bi Traude?"

"Nilikiweka mimi. Poldi alikuwa hawezi kugeuza ukurasa."

Daktari aliweka kisu chini. Traude anasema aliziona zile kurasa tatu na nusu zikipita machoni pake, moja baada ya nyingine. Gustl akajifuta mdomo.

"Shemeji, sisi tulikuwa tunajua," alisema. "Baba yangu aliuimba wimbo ule moja kwa moja, hasimami hata apige chafya. Ulipotuletea zile karatasi nikamwuliza Poldi, hii nini tena? Akaniambia, mke wangu kanitafutia nafasi ya kupumua. Atakayepita hapo bila kusimama, namvunjia fidla kichwani."

"Alijua?"

"Kwenye mambo mengi Poldi alikuwa bwege, na unajua. Hilo alilijua."

Traude alilia pale pale, mbele ya mkate wake, na haoni aibu kulisimulia. Miaka kumi na tano ya mwisho ya maisha ya mumewe alikuwa akimfichia kitu, na miaka hiyo hiyo mumewe alikuwa akikipokea kila siku na kunyamaza. Gustl alimsogezea kitambaa cha meza, kisha mvinyo, kisha akamwambia ale, vitunguu vitamsaidia kusingizia machozi.

Daktari Wessely alikuwa na haya yote ya kumeza, na aliyameza vizuri. Aliomba radhi. Kitabu ni cha Haslbrunner, alieleza, kwa hiyo kiupinde hakiwezi kuingia, na utangulizi itabidi auandike upya. Traude alimjibu kwamba ndivyo anavyotaka hata yeye. Ameshachoka kumwona mzee wa watu jikoni bila kola. Daktari hakuelewa, ila aliitikia. Wakati wa kuagana alimshika Traude mkono akaongeza kuwa jinsi ya kupanga kurasa ni ufundi wa mnakili, na chama hakitauingilia. Traude hajui hadi leo kama yule binti alisema hivyo kwa makusudi.

Sasa ni Juni, na karatasi iliyo mezani asubuhi hii ni ya wimbo huo. Amehesabu nota zake mara tatu. Amepima mistari kwa rula, akapanua nafasi hapa, akabana pale. Kiupinde hakipo. Mahali kilipokuwa pameachwa weupe, safi, kama Haslbrunner alivyopaacha.

Lakini neno "nikarudi" limeangukia kona ya chini, mwisho kabisa wa ukurasa wa pili. "Nikikawia" liko nyuma yake, juu ya ukurasa wa tatu. Mikono ya kila mpigaji itakuwa na kazi, hakuna pumziko, na ukurasa lazima ugeuzwe. Mwanafunzi akimletea Traude kazi iliyopangwa hivyo, angemrudishia kwa ukali.

"Sikuongeza kitu," anasema. "Nimeacha tu karatasi iishe."

Kitabu kinatarajiwa kutoka Septemba, wakati wa mvinyo mpya. Gustl ameahidi kwamba siku ya kwanza wote wanne watapiga wakisoma kitabuni, hata kama wimbo wameukariri kuliko majina ya wajukuu wao. Traude ameshaweka nafasi ya meza, ile ya karibu kabisa na wapigaji, ambako kwa kawaida hakuna anayetaka kukaa kwa sababu kodiani humpulizia mtu sikioni.

Anataka kuisikia karatasi. Tangu Poldi afariki, anaeleza, wapigaji wanasimama hapo kwa mazoea bila kugeuza chochote, na kimya kimekuwa kimya kitupu. Zamani kulikuwa na sauti ndani yake, ya vidole vinavyopapasa kona ya ukurasa, vinaukosa, vinapapasa tena, mpaka vinaupata.

Anaupuliza wino, anafumba macho, na kidole kinaanza kugonga meza. Kinapofika mwisho wa ukurasa wa pili kinasimama. Anangoja hivyo, mkono hewani, dirisha likiwa wazi.