Matofali chini ya kitanda cha Ña Eduvigis

Saa mbili asubuhi, Alhamisi. Ña Eduvigis Cantero anaingia ukumbi wa kanisa la mtaa wa Santa Tecla, ukingoni mwa mto Paraguay, na kikapu cha chipa kichwani. Anagawa vile vimikate vya jibini vingali moto, kisha anapiga makofi mara mbili.

"Futeni mikono kwanza. Karatasi yenye mafuta sitaki kuiona."

Watu kumi na wawili wa kujitolea wanacheka na kujifuta kwenye nguo. Mbele yao kuna fomu 614 zilizojazwa na kaya za mtaa kuhusu mafuriko ya mwaka jana, na vikapu vitano vya kuzitenga: afya, maji, nyumba, kazi, na "hakuna shida". Ripoti inatakiwa kwa wakubwa wa manispaa kesho saa sita mchana. Wakiridhika, Santa Tecla itapata tuta la kuzuia mto. La sivyo, tuta litakwenda kwa watu ambao viatu vyao havijawahi kulowa.

Ña Eduvigis ana miaka 58 na aliishia darasa la nne. Kwa siku tatu ameacha kuuza chipa kituoni, akipoteza guarani 90,000 kila siku. Wakubwa walileta fomu na tarehe ya mwisho. Mtu wa kuzisoma hawakuleta.

Utaratibu kaubuni mwenyewe. Wanakaa duara, kibuyu cha tereré, chai ya majani ya baridi yenye mrija, kinazunguka. Kikikufikia, unanyonya, unasoma fomu kwa sauti, unataja kikapu.

Kufikia saa kumi na mbili jioni, fomu zimekwisha, na kikapu cha "hakuna shida" kimefurika kuliko vyote: fomu 231.

"Hizi zikienda hivi, wataandika kwamba tuko peponi," Ña Eduvigis anasema. Anaagiza zisomwe upya.

Wa kwanza ni Rosalino, mzoa taka, mume wa mdogo wake. "'Kwetu salama tu, ahsante. Kitanda tumekipandisha matofali sita.' Huyu analala juu kama kuku."

"Nani huyo mjinga?" anauliza Liduvina, fundi cherehani.

Rosalino anatazama jina. "Mjinga mwenyewe ndiye katuletea chipa."

Ukumbi unaangua kicheko. Ña Eduvigis anajifunika uso kwa aproni, mabega yanamtikisika.

"Sasa mlitaka niseme nini?" anajitetea. "Binti mgeni wa fomu kasimama mlangoni, ananiuliza hali. Mtu akikuuliza hali mlangoni, si unasema salama?"

"Salama, na samaki chumbani, shemeji."

Ña Eduvigis anamwaga makombo ya chipa, anaweka kikapu chake katikati. Cha sita.

"Alichosema mtu hakifutwi," anaonya. "Ila kila aliyetaja matofali, aje humu."

Hadi Ijumaa saa tatu asubuhi, fomu 193 zimehamia. Zimebaki 38, nyingi za waliojenga huko juu, mbali na maji. Anayeongoza kwa matofali ni mzee Catalino, kumi na moja, kitanda cha watu wawili anacholalia peke yake tangu mafuriko yale.

Saa tano na nusu, karani wa wakubwa anaipiga ripoti muhuri bila kuinua kichwa. Anafunua ukurasa wa pili, penye hesabu ya matofali. Hapo anakiinua.

"Hii yote ni vitanda?"

"Ni vitanda, mwanangu. Soma polepole."

Uamuzi utatoka baada ya mwezi, kama wakubwa hawatalala. Njiani kurudi, Ña Eduvigis anatembea kama anayetoka harusini.

"Mwakani fomu naandika mimi," anasema. "Simwulizi mtu hali. Namwuliza kitanda chake kiko matofali mangapi, basi."

"Na wewe utajibu mangapi, shemeji?" Rosalino anamchokoza.

"Tuta likijengwa? Sitakuwa na hata moja. Sita kila mguu, miguu minne, ishirini na manne. Nayatoa yote, najenga tanuri la chipa."

"Na kitanda?"

"Kitanda kitakaa chini, kama vitanda vya watu."