Bibi Harusi Kwenye Mazishi ya Mama Roseline

Kuna aibu ambayo ukiisimulia mnacheka na kuendelea na chai, na kuna ile ambayo mpaka leo nikipita mtaa wa Gatwekera navuta leso hadi kwa nyusi ili mtu asinitambue, na hii ninayowaambia ni hiyo ya pili, kwa hivyo mkicheka, chekeni polepole, kwa sababu kuna mtu alikuwa anazikwa.

Mimi na ndugu yangu Wekesa tuna biashara ndogo huku Gatina, Kawangware, chumba kimoja chini ya ploti ya ghorofa, katikati ya kinyozi na kanisa. Tunapiga video za harusi na kuzirusha moja kwa moja kwa mtandao, ili shangazi aliye Mombasa aone keki ikikatwa kupitia simu yake. Wekesa ni wa kamera, mimi ni wa mashine. Mwanzo tulitumia laptop, lakini kazi ilipoongezeka tukaamua kununua seva, yaani ile kompyuta isiyolala inayopokea picha kutoka kwa kamera na kumgawia kila anayetazama.

Hapo ndipo nilipojikwaa. Tulikuwa na uwezo wa kuongeza kitu kimoja tu kwa hiyo seva. Wekesa alitaka RAM kubwa, gigabaiti thelathini na mbili. Mimi nilitaka diski kubwa, nihifadhi kila harusi tuliyowahi kupiga (kwa nini, sijui, hakuna mtu amewahi kurudi kuuliza), nikasema RAM ya nane inatosha.

"Nafula, diski ni stoo," Wekesa akaniambia. "RAM ni meza. Hata stoo ikijaa unga, kama meza ni ndogo chapati utasukumia wapi?"

"Kwani kuna harusi imewahi kukwama?"

"Bado."

"Basi."

Mimi ndiye mkubwa, na kwetu mkubwa akisema basi, ni basi. Na kweli harusi zikaenda vizuri, watazamaji wachache, seva inanguruma kwa kona yake, nami nikawa namwangalia Wekesa kwa lile jicho la unaona sasa?

Halafu Mama Roseline akafariki. Kama hujawahi kuishi Gatwekera hutajua, lakini hakuna mtu wa huko ambaye hajala samaki wa Mama Roseline, na wengi walikulia kwa mlango wake. Dadake, Mama Pamela, alikuja dukani kwetu akitembelea fimbo, akakaa kwa stuli, akapumua kwanza. Mwili ungepelekwa nyumbani, upande wa ziwa, lakini miguu yake haingeweza hiyo safari, na majirani wengi pia hawangeweza kwenda, kwa hivyo wangekusanyika kwa holi ya kanisa hapo Gatwekera watazame. Tena kulikuwa na Otieno, mtoto wa pekee wa marehemu, askari wa kulinda majengo huko Doha, ambaye alinyimwa ruhusa ya kuja.

"Nataka aongee na mamake kabla hajateremshwa," Mama Pamela akasema. "Sisi tumwone, na walio kaburini wamwone. Mnaweza?"

Wekesa akaniangalia. Nikajibu haraka kabla hajafungua mdomo: "Tunaweza, mama. Usijali kabisa."

Siku ya mazishi Wekesa alikuwa ziwani na kamera, pamoja na televisheni ndogo ya kuweka karibu na kaburi, mimi niko holini na laptop, projekta na spika za kanisa, na seva tumeiacha Gatina peke yake. Picha ikaingia safi. Jeneza, maua, mahema, hata upepo ukipeperusha leso za akina mama ulionekana. Holi ilikuwa imejaa mpaka watu wa mtaa jirani wa Soweto West wamesimama kwa madirisha. Mimi nikaona kazi yangu ni nzuri, nikashika maikrofoni (nani alinituma?) na kusema, "Kama uko na mtu wako mbali, mtumie linki naye aone."

Wakatuma. Wakatumia ndugu, wakatumia vikundi vya kijiji, wakatumia watu walio Uarabuni, na wengine hapo hapo holini wakafungua kwa simu zao ingawa skrini iko mbele yao. Nikaona hesabu ya watazamaji kwa kona ya laptop ikipanda na kupanda, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Pasta wa kule nyumbani akaanza kuhubiri mdomo ukienda huku na sauti ikienda kule. Mtu akageuka kuniangalia. Nikasema ni network. (Si ndivyo sisi sote husema?) Ndani ya moyo nilijua meza imejaa, seva inapumua kwa shida, lakini nikajiambia itashika, imebaki kidogo tu.

Ndipo zamu ya Otieno ikafika. Uso wake ukatokea kwa skrini, amevaa sare ya kazi, nyuma yake kitanda cha chuma. Holi nzima ikaguna. Akapangusa macho kwa mkono, akasema, "Mama. Mama, ni mimi..."

Akaganda hapo, mdomo wazi. Kisha skrini ikawa nyeusi.

Sasa lazima niwaeleze kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimepanga seva kwamba picha yoyote inayoingia ikipotea, isiache watu wakitazama giza, icheze tangazo letu. Niliona hiyo ni akili nyingi sana.

Basi seva ikacheza tangazo. Bibi harusi na gauni lake jeupe, ameinama anatingisha mabega, vigelegele, ngoma, na maandishi makubwa ya dhahabu: FURAHA YAKO NDIYO KAZI YETU. Mbele ya watu waliovaa nyeusi. Kulikuwa na mzee amevua kofia kwa heshima, akaivaa tena, akatoka.

Nilijaribu kuizima kwa laptop, seva haisikii. Nikang'oa waya wa projekta, picha ikaenda lakini spika zikaendelea kupiga vigelegele. Nikafunga laptop kwa nguvu, kimya, nikashukuru Mungu, halafu zile simu za watu, ambazo zilikuwa zinapokea kwa kuchelewa kidogo, zikaanza. Kigelegele kwa kona hii, kigelegele kwa kona ile, kama jogoo wanaoitikiana, na akina mama wanapekua mikoba wakitafuta simu wakilia. Yangu pia ikalia. Ilikuwa Wekesa.

"Nafula, zima! Bibi harusi anacheza hapa kaburini!"

"Siwezi, imekataa!"

"Basi nang'oa waya."

Niliinua uso nikamwona Mama Pamela amesimama mbele yangu na fimbo yake. Nilingoja hiyo fimbo, na nawaambia ukweli, ningeipokea kwa shukrani.

"Otieno ako wapi saa hii?" akauliza.

"Mama, pole, mashine ime..."

"Sikuuliza mashine. Huyo mtoto yuko peke yake kwa hicho chumba. Mpigie."

Nikampigia simu ya kawaida, nikamuunganisha na Wekesa, Wekesa akaweka simu yake sauti ya juu na kuinyoosha juu ya jeneza, mimi nikashikilia yangu kwa maikrofoni. Otieno akaongea Kijaluo. Mimi ni Mluhya, sikuelewa kila neno, lakini alipomwita mamake kwa jina, holi nzima ilimwitikia kwa niaba ya marehemu. Mama Pamela akanishika kiwiko ili simu isianguke. Otieno akamaliza. Tukasikia kamba, kisha udongo ukianguka kwa mbao. Hakuna aliyeona. Tulisikia tu.

Kamera ya Wekesa ilikuwa imerekodi kila kitu, safi kabisa. Aliporudi tukaipeleka kwa Mama Pamela kwa flash, mimi nikapiga magoti kwa mlango wake na kuomba msamaha. Aliniinua, akanipa chai, lakini ile flash akairudisha mkononi mwangu.

"Nyathina," akaniambia kwa Kijaluo, yaani mtoto wangu, "mpelekee Otieno kama ataitaka. Mimi nilitaka kumwona dadangu akienda. Ameshaenda. Mtu hazikwi mara mbili."

Angenitukana ningelala vizuri.

Siku hizi seva yetu ina RAM ya thelathini na mbili, na lile tangazo nililifuta kwa mkono wangu mwenyewe. Wekesa hajawahi kusema nilikuambia, na hiyo pia ni adhabu. Lakini kitu nilichoapa hakihusu RAM peke yake. Zamani nilipima mashine kwa siku za kawaida, na siku za kawaida hata laptop kuukuu inazimudu. Sasa mtu akija kutupa kazi, hata kama ni sherehe ya mtoto kufikisha mwaka, namuuliza kwanza: nani hapa ambaye asipoona siku hiyo, hataona tena? Kisha mashine nainunua kwa ajili ya huyo.