Siku za Akoru

Akoru, msusi wa vikapu pale Lodwar, alikuwa ameacha pombe ya chang'aa kwa miezi minane. Sauti zilizokuwa zikimsumbua kichwani zilinyamazishwa na dawa ya hospitali. Lakini Longor, mwenyekiti wa kikundi chao cha walioacha pombe, akamwambia mbele ya watu, "Mama, anayemeza vidonge bado ni mlevi. Siku zako bila pombe hatuzihesabu."

Siku hizo ndizo zilizokuwa fahari yake, basi akaacha vidonge. Wiki ya tatu sauti zikarudi. Dada yake alimkuta barabara ya Kakuma, jua la saa saba, miguu mitupu, anabishana na mtu asiyekuwepo.

"Hii dawa ilikulewesha?" muuguzi Jelagat alimwuliza hospitalini, baada ya kusimuliwa maneno ya Longor.

"Hapana. Ilituliza kichwa tu."

"Sasa huyo Longor ni daktari wa wapi?"

Akoru akacheka kidogo.

Alipopata nafuu alirudi kikundini. Longor akamwuliza ana siku ngapi.

"Mia tatu kasoro tatu. Na kidonge nimemeza leo na uji. Usipozihesabu wewe, nitazihesabu mwenyewe."

Longor akakohoa, akaita mwingine. Mzee mmoja akasimama, akasahau kutaja siku zake, akauliza kliniki hufunguliwa saa ngapi.