Maziwa ya Moto Bila Moto

Wakati wa Hali ya Hatari, mkoloni akipigana na watu wa msituni, tulikuwa vibarua kwenye shamba la mzungu mmoja huko Bahati, juu ya Nakuru. Ghala la pareto la jirani yake lilichomwa, basi naye akapiga marufuku moto katika laini yetu yote, zile nyumba za vibarua. Viberiti vikachukuliwa. Ukitaka kupika, ungoje jioni, kwenye jiko moja la wote, askari amekusimamia na bunduki. Ati tungechoma nini na sufuria ya ugali? Lakini tulizoea. Kiporo hakiui mtu mzima.

Mimi nilikuwa na kichanga, msichana, aliyezaliwa kabla ya siku zake, na maziwa yangu yalikuwa yamekauka kwa hofu na njaa. Nilimnywesha ya ng'ombe. Yakiwa ya moto aliyanywa. Yakiwa baridi aliyatapika yote. Alikuwa akiisha nikimwangalia. Woi, niliogopa hata kumfunua nguo.

Mume wangu alikuwa utingo wa lori la shamba. Yule mtu alipenda sifa, wee! Hata akifunga kamba ya kiatu alitaka umtazame. Aling'oa taa ya mbele ya lori bovu, akatoa kioo na balbu, akabaki na lile bakuli la ndani linalong'aa.

"Jua lote linaingia humu, linakutana hapa katikati," akaniambia. "Weka kidole, mama mtoto."

Nikaweka. Nusura nimtukane. Akapaka masizi kikopo kidogo, akakining'iniza pale katikati kwa waya, akaelekeza bakuli juani. Tukangoja. Maziwa yakaanza kutoa mvuke, na hakuna moto wala moshi! Nilicheka mpaka nikalia. Baada ya muda mtoto akaanza kuota mashavu.

Mchana mmoja askari wa kituo cha mlimani wakaja na afisa wao, mzungu kijana. Walikuwa wameona mng'ao.

"Unawapigia ishara watu wa msituni," askari mmoja akasema.

Mume wangu akacheka, mbele ya bunduki. "Ishara gani, afande? Hili ni jiko la mtoto."

Nikamkonyeza anyamaze. Sikio la kufa halisikii dawa. Aliomba sigara ya yule askari, akaishika pale jua linapokutana, ikafuka. Akamrudishia kwa mikono miwili, kwa heshima. Askari wakaguna kwa mshangao. Afisa hakucheka. Aliuliza, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kama kitu hicho kinaweza kuwasha nyasi kavu.

"Hata paa la ghala, bwana!" mume wangu akajibu, kifua mbele.

Saa ile nilimchukia, Mungu anisamehe. Walimfunga mikono, wakamtupa kwenye Landrova, na taa wakaibeba iwe ushahidi. Hawakumwacha amshike mtoto. Sikumwona tena, na mpaka leo hakuna aliyeniambia alizikwa wapi.

Gari halijafika barabarani, mtoto akaanza kulia njaa. Maziwa yalikuwa baridi kama maji ya mto. Nikayatia kinywani mwangu, nikayashikilia humo mpaka meno yakauma, kisha nikamtilia mdomoni, funda kwa funda. Nilimlisha hivyo mchana kutwa, kila siku, mpaka akaweza kula uji. Akapona. Majirani walisema nina moyo mgumu, sikumlilia mume wangu. Ningelia vipi, na kinywa kimejaa maziwa?