Mbwa Wenye Ukanda wa Mpira

Gurudumu likishachakaa, mtaani kwetu lina njia mbili. Laweza kufika sokoni Kariokor, kwenye kibanda changu, nikalikata viatu vya akala. Au vijana walichukue kabla halijanifikia, walitie shingoni mwa mtu aliyeshikwa na simu isiyo yake, kisha waliwashe. Nimeishi Eastlands maisha yangu yote na nimeziona njia zote mbili. Ile ya pili huacha pete ya nyaya nyembamba juu ya lami, na kesho yake watoto huiokota wakacheza nayo.

Naanza hapo ili ieleweke kwamba binti yangu alipochagua kuwafanyia utafiti mbwa wa mitaa yetu, hakuchagua mahali pa upole.

Namwita mama, kwa kuwa anabeba jina la mama yangu, kama ilivyo desturi ya watu wetu. Alipokubaliwa kusomea uzamivu wa ikolojia na mageuko ya viumbe, nilimwomba kitabu cha kanuni za chuo. Shule niliiachia kidato cha pili; mengine nimejisomea kwa vitabu vya mitumba, na sijui kusoma jambo nusu. Kuingia kulidai shahada ya uzamili katika fani inayokaribiana, pendekezo la utafiti, wasimamizi wawili waliokubali kumwongoza, na kibali cha kamati inayochunguza namna wanyama watakavyotendewa. Kutoka ndiko kulikuwa kazi. Semina mbele ya idara kila muhula, makala mawili katika majarida yanayopimwa na wataalamu, tasnifu isomwe na watahini, mmoja wao wa kutoka nje ya chuo, na mwisho aitetee ana kwa ana. Jopo lake liliongeza sharti moja lisilokuwa kitabuni: awafuate mbwa walewale, kila mmoja akijulikana, kutoka masika hadi masika bila kukatika. Mfululizo ukikatika, aanze upya.

Swali lake lilikuwa fupi. Pale ambapo chakula ni cha jalalani na muuaji mkuu ni binadamu, je, mbwa wanaotuogopa ndio wanaoacha watoto wengi? Kama ndivyo, alisema, basi sisi kwa mawe yetu tunaumba mbwa wa aina nyingine bila kujua.

Kanda nilizitengeneza mimi. Nilikata mpira wa tyubu kuukuu za lori, nikashona kwa uzi wa akala, yeye akapaka namba kwa rangi nyeupe. Aliwanasa mbwa kwa mifupa aliyoiomba kwenye bucha. Aliyekubali kushikwa alivishwa ukanda; aliyekimbia alipigwa picha kwa mbali, akatambuliwa kwa madoa na makovu yake. Vijana wa kona walimzoea. Walikuwa wakimwita, "Niaje mama mbwa, leo umeng'atwa ama umeng'ata?" Naye alikuwa akiwajibu kwamba akianza kung'ata, ataanza na wao.

Kabla ya kazi kuanza alisimama katika mkutano wa wapangaji akaeleza kwamba ukanda ni wa kumtofautisha mbwa na mbwa, basi. Watu waliitikia kwa vichwa. Lakini miaka ya nyuma walikuwa wamekuja watu wa chanjo ya kichaa cha mbwa, na kila mbwa waliyemchanja walimfunga utepe shingoni. Macho yalikuwa yamejifunza tayari. Maneno ya mkutanoni hayakuyafundisha upya. Na mbwa wake hakuwachanja. Chanjo ingebadilisha nani aishi na nani afe, na hicho ndicho alichokuwa akikipima. Kamati ilikubali. Mimi pia, niliposoma, nilikubali.

Zilikuwa zimebaki wiki chache masika ya pili yaishe wakati mbwa mwenye mate mdomoni alipomrarua mwuza maji karibu na stendi. Ilikuwa Jumamosi mchana. Binti yangu alinipigia simu akaniambia nifunge kibanda nije. Nilipofika, mbwa wa kwanza alikuwa kwenye lango la majengo yetu, jike la rangi ya kahawia lenye maziwa yaliyojaa, taya limevunjwa likaning'inia upande. Bado alikuwa anapumua. Kijana mmoja alimkanyaga shingoni mpaka akaacha, kisha akafuta kiatu kwenye nyasi. Wengine walikuwa na fito za chuma, wengine mapanga. Walikuwa wakipita jengo kwa jengo, wakiwatoa mbwa chini ya vibanda kwa maji ya moto na kuwapiga vichwa wanapotoka. Vitoto walivitia guniani, gunia wakalipiga ukutani.

Wenye ukanda hawakuguswa. Walikuwa wamejikusanya karibu na tangi la maji, mikia imeingia miguuni, na watu waliwapita kana kwamba hawapo. Aliyekuwa akiwakinga ni jirani yetu wa ghorofa ya chini, dereva wa lori wa kule Industrial Area, mtu mtaratibu ambaye hunisaidia kupandisha mtungi wa gesi. Siku hiyo alishika spana ya magurudumu, na ilikuwa imelowa damu.

"Hizi za ukanda msiguse," aliwaambia vijana. "Zilidungwa chanjo. Hata hii," akamwonyesha kwa spana dume mmoja mweusi, "ilimuuma msichana wangu juzi, na hatukusumbuka kwenda hospitali. Tuliosha na sabuni tu."

Nilimtazama binti yangu. Nilijua alichosikia, maana hata mimi nilikisikia. Akinyamaza, mbwa wake wangeishi, masika yangeisha, na tasnifu ingesimama. Yule mtoto naye angeweza kukaa wiki kadhaa akicheza kamba uani, kisha siku moja aogope maji, na hapo hakuna daktari awezaye kumrudisha. Nilimshika mkono nikamwambia polepole tumwite jirani ndani, tuongee naye ngazini.

"Kila mtoto hapa huwashika hao mbwa, Baba," akasema. "Ngazini atasikia mmoja."

Akapanda juu ya ukuta mfupi wa tangi.

"Hawakudungwa," akasema. "Hakuna hata mmoja aliyedungwa. Ukanda ni namba tu."

Fito zikatulia. Dereva akamwambia arudie. Akarudia, na akaongeza kwamba mtoto apelekwe hospitali sasa hivi, si baada ya kumaliza hapa, na kila aliyeumwa au kulambwa kidonda aende vilevile.

"Miezi hii yote," dereva akasema, na sauti yake haikupanda, "umewaona watoto wetu wakiziparamia."

"Niliwaeleza mkutanoni, jirani."

"Ulisema ni za kuhesabu. Hukusema hazijadungwa."

 

Nusu tofali ilitoka nyuma ya watu ikampata sikioni. Alianguka chini ya ukuta, na nilipomfikia ncha ya sikio ilikuwa imeachana na kichwa. Kijana mmoja alimrukia na fito. Nilimpiga kwenye koo kwa kiwiko, nikampiga tena alipokwisha kuanguka, na ningeendelea kama binti yangu hangenishika mguu. Dereva hakutuangalia. Alikuwa amemwendea yule dume mweusi. Alimpiga kwa spana mara moja, katikati ya macho, akaitupa spana pale pale, akakimbilia ndani. Alitoka amembeba mtoto begani, kiatu kimoja tu mguuni, akapotea langoni.

Waliobaki wakawageukia wenye ukanda.

Nimeona watu wakiuawa mtaani kwetu, lakini hili ndilo hunirudia. Wale wasio na ukanda walikuwa wakikimbia tangu mwanzo: mitaroni, kwenye reli, chini ya magari. Baadhi walipona. Wenye ukanda hawakuwakimbia watu. Walipoanza kupigwa walikuja kwake, wakajibana ubavuni mwake pale chini, wakilia, na waliowafuata hawakuhitaji hata kulenga. Fito zilishuka karibu na mabega yake. Alijifunika kichwa kwa mikono, nami nikamfunika yeye, na joto lililonimwagikia mgongoni sikujua ni la nani.

Ilipokwisha aliniomba kisu cha akala. Maabara ya mifugo, alisema, inahitaji kichwa cha yule mweusi, kizima kadiri kilivyobaki, kwenye barafu. Alikuwa amejifunga leso sikioni na hakuweza kusimama sawasawa, kwa hiyo nilikata mimi. Nilivaa glavu alizonipa. Shingo ya mbwa ni ngumu kuliko mpira. Ukanda niliufungua kwanza, nikaufuta namba ikaonekana, akaipiga picha. Mama mmoja mwuza samaki alitupa barafu, tukabeba kichwa ndani ya ndoo ya rangi. Majibu yalirudi kwamba mbwa alikuwa na kichaa.

Mtoto alidungwa sindano zote zilizotakiwa. Yuko. Hupiga kelele chini ya dirisha langu ninapotaka kusoma.

Jopo lilimsikiliza kwa heshima, kisha likafuata sharti lake. Mfululizo ulikatika. Msimamizi mmoja alimshauri abadilishe mada, au ahamie upande wa ziwani, ambako kuna samaki na hakuna majirani. Alikataa. Masika yaliyofuata mbwa wapya walikuwa wamekwisha kuingia kutoka upande wa viwandani, wakashika majalala yaleyale. Safari hii aliomba kibali kipya, akabadilisha swali, akawachanja wote kabla ya kumhesabu hata mmoja. Dereva ndiye aliyemshikia kamba. Sikusikia wakiombana msamaha. Nilisikia wakibishana juu ya fundo. Kanda hakuagiza tena. Aliwatambua kwa picha.

Siku ya kutetea tasnifu niliruhusiwa kuketi nyuma, mradi nisiseme. Mtahini wa nje, mwanamke mwenye miwani minene, alifungua sura ambayo binti yangu alisisitiza ibaki, ile ya kundi la kwanza la mbwa. Akauliza kwa nini wenye ukanda walikufa wote ilhali wasio nao baadhi walipona, na kama ukanda wenyewe uliwalemea mbioni.

Binti yangu aligusa sikio lake, pale ncha isipokuwapo.

"Haukuwalemea," akasema. "Wasio na ukanda walitukimbia sisi sote. Wenye ukanda walinikimbilia mimi."

Mtahini aliandika kitu, akafungua ukurasa uliofuata. Walimpitisha, kwa sharti la masahihisho madogo. Niliporudi kibandani nilikuta gurudumu nililoagiza limeletwa, nikalivuta ndani kabla ya kufunga mlango.