Vitenge vya Kunenepea

Nilipokuwa mnene hakuna aliyewahi kunipa pole. Tunduma mwanamke wa biashara akiwa na mwili, watu husema mambo yake yanakwenda. Nauza vitenge, mzigo naufuata ng'ambo ya mpaka, Nakonde, na sioni aibu kusema kwamba mwili ule uliniuzia. Nikijifunga kitenge kipya na kusimama mlangoni mwa kibanda, mteja alikiona chote, maua yake na ndege wake, hakuna kilichojikunja. Wenzangu waliniita bosi. Madereva waliokwama kwenye foleni ya malori walinisalimia kwa adabu ambayo wasichana wembamba hawakuipata.

Yaliyokuwa ndani ya mwili ule niliyajua mwenyewe. Sukari ilikuwa juu, presha nayo haikutaka kubaki nyuma, na magoti yalikuwa yanauma hata nikiwa nimelala. Daktari aliniambia wazi kwamba nikiendelea hivyo watoto wangu watakuja kunigeuza kitandani. Nikaenda Dar es Salaam kupunguzwa tumbo. Sisemi nyama za nje, kama wengi wanavyodhani. Ni lile tumbo lenyewe linalopokea chakula. Walikata sehemu kubwa, wakaniachia kipande chembamba. Huku nyuma niliaga kwamba nakwenda kumuuguza ndugu. Aliyejua ukweli ni mume wangu peke yake, naye anaendesha lori la Kongo, nyumbani kwake ni mahali pa kupita.

Sikusema kwa sababu naijua Tunduma. Mwanamke anayelala kitandani akatwe ili asiweze kula angekuwa kichekesho kuanzia stendi mpaka mpakani. Nilijua nitapungua taratibu, na nikajidanganya kwamba watu wataniona siku moja na kusema nimependeza.

Hakuna aliyesema nimependeza, isipokuwa mume wangu, naye alisema kwa simu akiwa Lubumbashi, hajaniona.

Kilo zilianza kushuka. Nilikula vijiko vichache vya ugali laini na maharage yaliyopondwa, nikitafuna mpaka taya lichoke. Nikizidisha kijiko kimoja, kifua kilibana kama nimemeza jiwe. Uji wenye sukari ulinitoa jasho na moyo ukaenda mbio. Yote hayo daktari alikuwa ameniambia, pamoja na nywele kukatika na kuwa na hasira za karibu, ingawa hizo za hasira nilikuwa nazo kabla. Habari za majirani hakunigusia.

Nilipewa pia vidonge vya vitamini vya kumeza maisha yangu yote. Kwa kuwa mimi ni msahaulifu, nikatega simu ilie kila siku saa tatu asubuhi. Hapo ndipo nilipojichongea. Nchi hii kila mtu anamjua mtu anayepungua mwili huku akimeza vidonge kwa mlio wa simu, saa ileile, bila kuruka hata siku. Na mtu huyo akiwa mke wa dereva wa Kongo, watu hawasubiri maelezo. Nilianza kusikia minong'ono ikikatika nikikaribia. Kijana mmoja wa bodaboda alimwambia mwenzake, akidhani sisikii, kwamba mama wa vitenge kakanyaga waya, yaani kaukwaa ukimwi.

Jirani yangu wa kibanda cha pili anauza viatu vya mitumba. Nampenda, ila mdomo wake hauna mlango. Asubuhi moja simu ililia nikiwa namkunjia mteja kitenge. Kabla sijageuka, jirani alikuwa ameshafika na kikopo changu cha vidonge mkono mmoja na maji mkono wa pili, macho ameyaangusha chini.

"Usichelewe dawa, mwenzangu," aliniambia kwa sauti ya chini. "Watu wanaishi nazo miaka mingi."

Nikamwambia ni vitamini.

"Ndiyo, mwenzangu. Vitamini."

Alivyolitamka neno lile, kwa upole, kama mtu anayefunika kidonda cha mwenzake, nilitamani kumwagia yale maji. Nilifikiria kwenda kupima, kisha nibandike majibu kibandani karibu na leseni ya biashara. Lakini nilijua watakachosema: kwamba nimeyanunua. Na tena, kwa nini nijisafishe kwa kuonyesha kwamba siyo mimi, ni wale wengine? Nao ni watu, tena wateja wangu wengine ni wao. Nikameza vidonge, nikamalizia kumkunjia mteja kitenge chake.

Ng'ambo hali ilikuwa ileile kwa lugha nyingine. Mama wa Nakonde anayeniuzia mzigo kwa jumla alinishika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole vyake mpaka vikakutana, akasema, bamayo, mwaonda. Umekonda, mama. Akanipunguzia bei bila kuombwa. Nilichukia sana punguzo lile, lakini nililichukua.

Basi nikafanya ujinga. Nikaamua kunenepa tena. Tumbo langu lilikataa ugali, lakini nilikuwa nimegundua kwamba soda, aiskrimu na karanga za kusaga hupita bila kugonga hodi, ingawa jasho lilinitoka kama la uji. Nikawa nakula hivyo kwa siri nyuma ya marobota, mimi niliyekwenda Dar kwa siri ili niache kula. Nikaenda Mpemba, mji mdogo wa jirani, kwenye zahanati ambako hawanijui, nikapima. Kilo zilikuwa zimeanza kupanda. Nikafurahi. Halafu wakapima na sukari, nayo ilikuwa imepanda pamoja nazo, na ile furaha ikanitoka palepale. Nilikaa kwenye benchi la nje nikalia. Nikipungua, watu wananizika. Nikinenepa, wanashangilia, na mimi najizika mwenyewe. Nilirudi kwenye vijiko vyangu siku hiyohiyo. Watu hudhani kinachomtia moyo mtu kama mimi ni kioo. Kioo hakijanitia moyo hata mara moja. Kinachonishikilia ni kile kipimo cha sukari.

Kioo nitakisema tu. Hakuna aliyekuwa amenieleza kwamba mafuta yakiondoka ngozi haiendi nayo. Ilibaki yote. Mikononi ilining'inia nikinyoosha mkono kushusha kitenge rafuni, tumboni ilijikunja ikafika chini, mapajani ilisuguana mpaka ikatoa malengelenge. Nikivaa nguo zangu za zamani nilionekana mtoto aliyevaa koti la baba yake. Nikivaa zinazonitosha nilionekana mgonjwa. Mume wangu alipopita usiku mmoja nilizima taa, na alipouliza kwa nini nikamwambia umeme wa luku umeisha. Nilichukia mwili wa kwanza, sasa nilikuwa nauchukia na wa pili, na wa tatu sina.

Ndipo nilipobuni njia ya vitenge. Nilichukua vile vya zamani vilivyofuliwa mpaka vikalainika, nikajizungushia kiunoni, tumboni na nyongani, kimoja juu ya kingine, kama mzazi anayefungwa mkaja. Juu nikavaa gauni langu la zamani. Likajaa. Wiki ile jirani alinisifu kwamba dawa zimenikubali. Nilitokwa jasho kutwa, ngozi ikawasha, lakini nilitembea mjini kichwa juu.

Mtu wa mpakani atakuwa ameshaona kosa langu. Tunduma wapo wanawake wanaovuka asubuhi wakiwa wembamba na kurudi jioni wakiwa wanene. Vitenge vya Nakonde hufungwa mwilini ndani ya nguo visilipiwe ushuru, ujanja wa siku nyingi ambao kila mkaguzi anaujua. Mimi ambaye mzigo wangu hupita wazi nilikuwa nimejifunga vitenge na kuvuka navyo, kwenda na kurudi, nikiwaza jambo moja tu, kwamba nisionekane nimekonda. Siku moja ncha ya kimoja ikachungulia chini ya gauni. Dada mmoja wa ukaguzi, umri wa kuwa mdogo wangu, akanisogelea akaniomba kwa adabu tuingie ndani.

Ndani ya chumba cha wakaguzi alinitaka nivitoe. Nikavitoa. Alivipokea kimoja kimoja, akavigeuza, akaona rangi imepauka na pindo limechanika. Hakuna anayevusha matambara kwa magendo. Akanitazama, na mimi nilikuwa nimebaki na shumizi, ngozi yangu yote ikiwa imeshuka. Nilimwona akielewa, na alichokielewa hakikuwa kweli.

"Unaumwa, mama?"

"Siumwi."

"Pole sana," akasema. Akanikunjia vitenge vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili.

Angenitukana ningepona haraka zaidi. Toka siku ile sikuvifunga tena, na mji ukaniona nilivyo. Habari ikapanda mpaka Ileje, kijijini kwetu Ibaba, kwa mdomo wa nani sijui. Mama yangu akanipigia simu. Mama si mtu wa simu. Akipiga, huongea kama anamwita mtu ng'ambo ya bonde. Safari hii alinong'ona.

"Njoo nyumbani, mwanangu. Njoo ukiwa bado unatembea."

Hapo ndipo nilipopata hofu ya kweli. Mji ukiniombolezea nikiwa hai, naweza kuwavumilia. Mama, hapana. Alishamzika dada yangu, na nilijua vizuri sauti aliyotumia mwaka ule. Nikafunga kibanda. Niliapa kwamba yeye nitamweleza kila kitu, na kwamba nikimtoa mama kwenye msiba huu, wengine wataniona wanavyopenda.

Gari lilinishusha barabarani, nikapanda kwa miguu. Miaka mingi nilikuwa nakodi pikipiki kwa njia ile, au nakaa kila kona nikihema, nikisingizia kupendezwa na mashamba. Siku hiyo nilipanda moja kwa moja mpaka uani, begi begani, baridi ya Ibaba ikinipiga usoni, na nikajikuta natabasamu peke yangu. Huu ndio mwili nilioutaka. Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakuona kwamba sihemi. Aliona shingo yangu, akajifunika mdomo na kanga.

Alikuwa amehamishia kitanda changu chumbani kwake, ajue nikiamka. Akapasha maji akaniambia ataniogesha mgongo, na nilipokataa akawa ameshashika ndoo. Basi nikavua mbele yake. Nikamwonyesha makovu madogo tumboni, nikamweleza taratibu: daktari, sukari, Dar es Salaam, kipande kilichobaki, vidonge ni vya nini, ngozi hii imetoka wapi. Nikamwambia majibu ya vipimo vyote. Alinisikiliza akiwa na maji yanayopoa mkononi. Mwishowe akaishika ngozi ya tumbo langu, akaiinua, akairudisha polepole mahali pake.

"Kwa hiyo huumwi."

"Siumwi, mama."

Akakaa kwenye kigoda akalia kwa sauti, na mimi nikalia, na baadaye tukaanza kucheka, maana aliuliza tumbo limebaki kiasi gani na nikamwonyesha ndizi. Aliniwekea viazi vidogo viwili na maharage, hakunisukumia zaidi. Ningeweza kulala sakafuni kwa furaha. Niliona nimetoka kifungoni.

Jumapili asubuhi tulipokuwa tunavaa, nikamwambia kwamba baada ya ibada nitawaeleza na kina mama wa kanisani, yaishe. Mama alikuwa anafunga kilemba chake, akakifungua, akakifunga upya.

"Wamefunga kwa ajili yako," akasema. "Wiki nzima wameshinda njaa wakikuombea. Wengine hata siku ambazo hawajafunga hawashibi. Nisimame niwaambie mwanangu alikwenda kukatwa ili asile?"

Nikaendelea kufunga vifungo vya gauni.

"Mgonjwa wanamwelewa," akasema. "Acha waelewe hivyo."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama alivyoniambia utotoni nivae sweta. Nilitaka kumbishia, nimwambie kwamba nilipanda mlima huu kwa sababu ya neno moja tu, siumwi, na kwamba yeye alilipokea. Lakini nilimwona anavyoniangalia, mama mwenye mwanawe mzima, na bado anaogopa watu wasije wakamnyang'anya maombi aliyopewa. Nikajua hatasema, na mimi sitasema.

Tukatoka. Njia ya kanisani inashuka halafu inapanda, na mimi nikaanza kuikata kama nilivyoizoea siku hizi, hatua ndefu, mikono ikienda. Kina mama walikuwa wameshasimama mlangoni mwa kanisa, wametugeukia. Mama akanivuta kanga kwa nyuma.

"Usitembee hivyo," akasema. "Wanakuona."

Akaniwekea mkono wake nishike. Mkono wenyewe mwembamba, wa mzee. Mimi ndiye niliyekuwa na nguvu ya kumbeba yeye mpaka juu. Nikamwegemea, tukapanda polepole.