Kila Nyumba ya Tano

Nilifika Kashebere nikiwa na ubishi wa vitabu, na ubishi huo ni mbaya kuliko wa pombe, maana wa pombe mtu hulala ukamtoka. Nilikuwa mwaka wa mwisho wa sosholojia huko Goma, nakusanya habari za memuari yangu, yaani tasnifu ya kumalizia chuo, na kichwani nilibeba nadharia tatu nilizozikariri kwa ajili ya mtihani. Ya kwanza ilisema jamii ni mwili, kila kiungo na kazi yake. Ya pili ilisema jamii ni mvutano kati ya mwenye nguvu na asiye nazo. Ya tatu ilisema watu hawaishi na vitu vyenyewe, wanaishi na maana wanayovipa. Hiyo ya tatu niliiona ni maneno ya watu wasio na kazi. Nikaiandikia ukurasa mmoja na nusu kumridhisha Prof, nikasonga mbele.

Swali langu lilikuwa jema, hata leo naliona hivyo. Nilitaka kujua kijiji kinageuka vipi pale wakimbizi wa ndani, hawa ambao kila mtu huku anawaita badeplase, wanapokaribia kuwa wengi sawa na wenyeji. Nani anampa nani shamba? Nani anaoa kwa nani? Mtu akifa, nani anachimba kaburi? Mimi mwenyewe ni binti wa vilima vya Masisi, walikotoka wengi wao. Wazee wangu walilima huko na kuzikwa huko, lakini siku ukoo wetu ulipokimbia nilikuwa shule ya bweni mjini. Vita vya kwetu nilivisikia kwa simu. Nalisema hili mapema ili nisihurumiwe bure: kwa damu nilikuwa mwenzao, kwa yaliyowapata nilikuwa mgeni kabisa.

Kitabu cha mbinu kilielekeza nichukue kila nyumba ya tano, nisichague kwa moyo, na niiwekee alama ili kesho nisipotee. Kapita, yaani mkuu wa kijiji, alinipa ruhusa ya kuuliza maswali. Habari za alama sikumwambia, niliona ni jambo dogo. Alasiri hiyo nikapita na kipande cha chaki nyeupe. Moja, mbili, tatu, nne, ya tano naandika namba mlangoni, kwa mwandiko wangu mzuri wa mwalimu. Upande wa wenyeji, juu karibu na barabara, mzee mmoja alinishikia mlango usicheze nikiandika. Upande wa badeplase, chini karibu na msitu, wengi walikuwa shambani, na waliokuwepo walinisalimia wakanyamaza. Nikadhani ni adabu.

Mwenyeji wangu alikuwa mjane wa mwindaji, mwanamke wa huku huku Walikale ambaye ulimi wake haukupumzika hata kanisani. Asubuhi aliniamsha kwa kugonga sufuria.

"Madame, amuka! Bantu beko ku mulango. Banauliza juu ya nini haukubaandika."

Nilitoka nikakuta watu kama kumi na wawili, wote wenyeji, wanataka kujua kwa nini nimewaruka. Walikuwa wameona namba kwa majirani wakawaza sabuni, maharagwe na mabashi, yale maturubai ya kuezekea. Mama mmoja alinishika mkono. "Miye niko na batoto saba. Jirani iko na mbili tu, na njo yeye uliandika?" Nikacheka. Nikawaambia sigawi kitu, mimi ni mwanafunzi, hizi ni namba za masomo. Hawakuniamini hata kidogo, nami nikazidi kucheka. Kicheko kile nakikumbuka kwa aibu kuliko mambo mengi mabaya niliyowahi kuyafanya.

Ndipo akaja mwanamume kutoka chini, matope mpaka magotini, panga mkononi kama mtu anayetoka shambani. Watu wakampisha. Hakusalimia, na huku kwetu mtu asiyesalimia asubuhi ana msiba au anautafuta.

"Nani njo aliandika ku mulango yangu?"

Nikasema ni mimi. Akanitazama, nadhani alitarajia mtu mkubwa zaidi. Alikuwa mtu wa Masisi, na usiku ule alikuwa amelala shambani ng'ambo ya mto kufukuza nguruwe wa porini. Alikuwa amerudi sasa hivi akakuta nyumba tupu. Mkewe alijifungua siku tatu zilizopita. Majirani waliobaki walimwambia jioni aliiona namba, akafunga mtoto kifuani, akaingia msituni. Nyumba zote zenye namba upande ule zilikuwa tupu, na nyingine zisizo na namba pia, kwa sababu watu waliwafuata wenzao.

"Mutoto iko na siku tatu," akasema. "Na mvua ilinyesha usiku muzima."

Mama wa watoto saba aliachia mkono wangu akarudi nyuma, na wengine nao. Nilibaki peke yangu katikati ya uwanja. Mvua ile niliisikia usiku juu ya bati, nikavuta blanketi na kusema ahsante Mungu kwa usingizi mzuri.

Kapita alifika akiwa bado anafunga vifungo vya shati. Alipoelezwa hakunigombeza, na hilo lilinitisha zaidi. Aliongea kwa sauti ya chini. Juu barabarani kulikuwa na bariere, kamba iliyokatiza njia na watu wenye bunduki wakaao hapo. Wakisikia badeplase wamekimbia, watauliza wamekimbia nini. Wasipopata jibu, watashuka kulitafuta wenyewe. "Na bakishuka," akasema, "njo ile bantu balikimbia itafika kweli."

Nikachukua kitambaa nikasema nakwenda kufuta namba zote sasa hivi. Yule mwanamume akanizuia kwa panga, hakunigusa, alilinyoosha tu mbele yangu.

"Usifute! Bakikuta imefutwa, batasema tuko na kitu ya kuficha."

Kwa hiyo hata kulifuta kosa langu sikuruhusiwa. Kapita akaamua. "Weye uliandika, weye utaenda kumurudisha." Mwenyeji wangu akanipa mabuti ya marehemu mumewe, blanketi, na chupa ya chai ya moto. Akanifunga blanketi mgongoni huku akisonya. "Masomo yako ilikuja na pikipiki, mwanangu. Akili njo inakuja na miguu." Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Tulishuka, mume mbele, mimi nyuma. Kijito tulichokivuka kilikuwa kimejaa mpaka mapajani. Nilianza kuita, "Mama! Mama, njoo, ni mimi!" Mume akageuka haraka.

"Nyamaza. Bakisikia sauti yako batazidi kuingia ndani."

Nikanyamaza. Tangu utoto nimesifiwa kwa sauti, shuleni nilisoma somo kanisani kila Jumapili, na sasa sauti hiyo ilikuwa ya kuwakimbiza watu. Yeye alipiga mbinja fupi kila baada ya hatua kadhaa, kisha tukasimama kusikiliza. Matone yalianguka, ndege wakalia, basi. Mara mbili niliona majani yakitikisika mbali na hakuna aliyetoka. Niliogopa. Niliogopa mtoto kufa, na kwa kuwa nimeamua kusema kweli, niliogopa pia kwamba watu wa Kashebere wangesema mpaka mwisho wa dunia nani alimuua.

Sijui tulitembea muda gani kabla mbinja haijajibiwa. Mke alikuwa chini ya mti ulioanguka, ameezeka matawi kwa majani mapana ya mangungu, yale ya kufungia chikwange, mkate wa muhogo. Alikuwa binti mdogo kuliko mimi. Mtoto alikuwa ndani ya kitenge, ngozi kwa ngozi, zilionekana nywele tu. Halikusikika lolote.

"Ananyonya?" mume akauliza.

"Tangu asubuhi anakataa ziwa."

Mume akapiga magoti akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto, akakiacha hapo. Mimi nikamfunika mama blanketi, nikammiminia chai, nikaanza kueleza. Nilieleza vizuri, Mungu wangu, kama niko mbele ya jopo. Masomo, memuari, chuo, siri ya majibu, hakuna jina litakaloandikwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Juu ya nini mulango yangu?"

"Sikukuchagua, Mama. Nilihesabu tu. Kila nyumba ya tano."

Akamtazama mumewe, na mumewe akatazama chini. Nilijua nimetoa jibu baya kuliko yote, ila sikujua kwa nini.

"Kwetu ilikuwa vile vile," akasema taratibu. "Balikuja muchana, na salamu muzuri. Bakihesabu. Balisema ni musaada. Madame, bale banaandikaka mulango, banarudiaka."

Wazazi wangu walikimbia vilima hivyo hivyo, na sikuwahi kuwauliza ilianza vipi, niliuliza tu kama wamefika salama. Nilikuwa nimesafiri njia nzima hiyo kuja kupima mabadiliko ya jamii, kumbe badiliko lenyewe lilikuwa limekaa mbele yangu likitetemeka: mtu aliyefundishwa kwamba salamu nzuri ya mchana ni mwanzo wa balaa. Ukurasa wangu mmoja na nusu wa nadharia ya tatu ulikuwa unaongea habari zake, na mimi niliuandika ili kujaza nafasi.

Mume ndiye aliyemsogeza, si mimi. Alimwambia mtoto anapoa. Alimwambia hapa hawawezi kuwasha moto kwa sababu ya moshi, na hata wakiuwasha, kuni zimelowa. Mke akasema atafika kwenye migomba kando ya nyumba, hapo tu, si zaidi. Tulirudi polepole, yeye akiinama kila baada ya muda kusikiliza pumzi ndani ya kitenge. Kila alipoinama na mimi nilisimama nikabana yangu.

Kwenye migomba akasimama. Nyumba ilikuwa hatua thelathini mbele, mlango umefungwa, namba yangu juu yake, nyeupe, safi.

"Ingia weye kwanza," akaniambia. "Funga mulango, ukae mule ndani. Miye nitaona."

Nikaenda. Kati ya watu wote wa Kashebere mimi ndiye niliyejua kwa hakika kwamba namba ile haina maana yoyote. Niliiandika kwa mkono wangu, chaki ilikuwa bado mfukoni. Nikafika, nikaweka kiganja kwenye mbao. Hapo nikasikia pikipiki ikitokea upande wa bariere, inashuka, injini ikipanda na kushuka kwenye madimbwi.

Niliuambia mkono usukume, haukusukuma. Niliwaza tu kwamba nikiingia, watanikuta ndani ya nyumba yenye namba. Akina nani watanikuta? Mlio ukakaribia. Miguu yangu ikaniondoa mlangoni bila kunishauri, na nilipopata fahamu nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya ukuta, kichwa kati ya magoti, chupa ya chai nimeikumbatia. Pikipiki ikapita barabarani. Alikuwa mchuuzi tu, na madumu yake ya mawese, anaelekea Mpofi.

Niliinua macho nikamwona ananitazama kutoka migombani. Nilijua nimeharibu kila kitu. Nilimtazama akigeuka na nilisubiri arudi msituni na mtoto wake, na nisingemlaumu, maana hata mimi sikuwa na imani na mlango ule. Kumbe aligeuka kumwambia mumewe.

"Anaogopa," akasema, kwa mshangao, bila kunicheka. Kisha, "Bale bantu habaogopake mulango."

Akatoka kwenye migomba. Alinipita pale chini nilipokuwa, kitenge chake kikanigusa bega, akausukuma mlango kwa ubavu kwa sababu mikono ilikuwa na mtoto. Mume akaingia na kuni. Baada ya muda nikasikia moto unashika, nami nilikuwa bado nimechuchumaa nje.

Mtoto alinyonya mchana, kidogo kwanza, halafu kwa pupa. Waliokuwa msituni waliona moshi juu ya nyumba ile wakarudi mmoja mmoja kabla jua halijazama, na kapita akapeleka salamu bariere kwamba kijijini hakuna neno. Nilikaa siku nyingine sita. Maswali niliyauliza nimekaa jikoni, nikimenya mihogo, kwa mtu yeyote aliyetaka kusema, na chaki niliitupa mtoni.

Memuari ilipita, nikapata maksi nzuri. Kwenye sehemu ya matatizo ya utafiti niliandika kwamba baadhi ya kaya zilihama kwa muda, zikarejea baada ya kupewa maelezo. Jopo halikuuliza chochote juu ya mstari huo. Mama yule alipewa maelezo yangu yote msituni, mtoto akipoa kifuani mwake, na hakusogea hata hatua moja. Alirudi aliponiona nimejificha nyuma ya ukuta wake, natetemeka, na hilo sikuthubutu kuliandika.